Bahari Hukauka Kila Siku

Kabla sijaoa nilikuwa na akiba mbili za mashairi, na sikuwahi kuzichanganya. Ya kwanza ilikuwa ya harusi. Humo kila kitu kilisimama imara: bahari haikauki, mwamba haung'oki, nyota hazihami, mnazi haupindi. Ya pili ilikuwa ya misiba na khitma, na humo vitu vilevile vilikuwa vinakufa ovyo: ua limenyauka, mwezi umepungua, wimbi limevunjika, mnazi umelala chini. Mnazi uleule, tena. Ukinijia na habari ya ndoa nausimamisha, ukinijia na habari ya kifo nauangusha, na hakuna aliyewahi kuniuliza huo mnazi una matatizo gani.

Nilifundishwa hivyo na waliotutangulia. Watunzi wa pwani hii wakitaja kitu cha asili kinachopita, lengo lao ni moja: kukukumbusha kwamba na wewe unapita, kwa hiyo tubu. Ua kwao si ua, ni onyo lenye harufu nzuri. Utoto wangu wote nilisikia beti za namna hiyo, na zilinitisha kwa utamu. Nilipokua nikazitunga mwenyewe, watu wakalia nilipotaka walie, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kazi yangu hasa ni biashara. Ukoo wetu ulitoka upande wa Tanzania zama za babu, na mpaka leo tunaishi kwa kuvuka Ruvuma. Natoka Mtwara na sabuni, vitenge na betri, narudi huko na samaki wakavu na ufuta. Nina kibanda sokoni Palma, upande wa Msumbiji. Ila ikishajulikana kwamba una mkono wa vina, kibanda chako kinageuka ofisi. Mtu anakuja kununua sabuni, anazungukazunguka, anashika kiberiti anakirudisha, mwisho anasema ana binamu yake anaoa Ijumaa. Wengine hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu, na nyuma ya sauti unamsikia mama wa bwana harusi akimfundisha la kusema.

Wanakuja kwangu kwa sababu ya mlango. Mtaani kwetu bwana harusi hamfikii bibi harusi hivi hivi. Mashangazi na bibi zake hujifungia naye chumbani, wakaushika mlango, na bwana harusi husimama nje na jamaa zake akitoa beti. Zawadi ya mlango ipo, na manukato yapo, lakini bila beti mlango hauguswi. Wakipendezwa utasikia vigelegele, wasipopendezwa watamzomea mpaka ajirekebishe. Baada ya hapo ndipo walii, yaani mzee anayemsimamia, huenda kumuuliza bibi harusi kama amekubali, na wanaume wakaelekea msikitini kufunga ndoa. Najua kwingine mambo hufuatana vingine, ndoa kwanza na mlango baadaye. Sisi mlango kwanza. Nadhani bibi zetu waliona si haki mwanamke kuulizwa kabla hajasikia anachouziwa.

Ubeti niliokuwa nikiutoa zaidi ulikuwa huu:

Bahari haikauki, hata jua liwakeje,
Mwamba nao haung'oki, hata wimbi lipigeje,
Na penzi halibanduki, hata watu wasemeje,
Milele mimi na wewe, hadi dunia iishe.

Niliupenda sana. Niliwapa vijana wa hapa mjini, nikawapa wa vijiji vya Ghuba ya Tungue, nikampa na mmoja wa Nhica aliyeufuata kwa baiskeli akauimba njia nzima asiusahau. Nilikuwa nabadilisha kidogo, kwa huyu naanza na mwamba, kwa yule naanza na penzi, na kila mmoja aliamini katungiwa yeye peke yake. Nami sikuona ubaya. Kofia moja huwafaa wengi.

Wakati huo mwenyewe sijaoa, na nilishafika umri ambao ndugu huchoka kuuliza. Dada yangu alikuwa amehamia kwenye dua. Mumewe, yaani shemeji yangu, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, alinitambulisha kwa wageni kama mpishi anayelala na njaa. Nilicheka naye, maana ukikasirikia utani wa shemeji umeshindwa.

Ndipo upande wa pili wa njia, kwenye baraza iliyokuwa imefungwa kwa muda mrefu, akaja mwanamke na cherehani.

Alikuwa mtu wa Mocímboa. Akiongea na shangazi yake waliongea Kimwani, akinigeukia mimi anaongea Kiswahili cha taratibu, kama anayenichagulia maneno yaliyoiva. Alishona sare za shule na magauni ya kapulana, vitenge vya huku kwetu, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema jambo, ili ukilisikia uwe umeshajiandaa. Siku za mwanzo nilivuka njia kumwuliza kama cherehani yake inahitaji mafuta. Nadhani ndiyo cherehani iliyopata mafuta kuliko zote mkoa mzima wa Cabo Delgado.

Alikuwa mjane. Ile miaka ya kukimbia vita, kila mtu hapa ana safari yake. Mimi nilipitia Nhica, nikavuka mto, nikakaa Mtwara kwa ndugu nikiuza karanga mlangoni kwa watu wasionijua. Yeye alikimbia Mocímboa akaja Palma, na Palma nayo ikakimbiwa, akaishia kwenye mahema ya dislokado, kama tulivyozoea kuwaita waliohamishwa na vita. Mumewe hakufika kwenye mahema hayo. Alinieleza kwa ufupi akiwa anakata uzi kwa meno, na sikumwuliza zaidi. Akanieleza pia kwamba nyumba yao ilikuwa ya saruji, nguzo nene, na kwamba mumewe alipomaliza kuipiga plasta alisema hii haiendi popote.

Alijua kwamba natunga, maana nilikuwa narekodi beti za wateja kwa simu pale pale kibandani, na sauti yangu si ya kunong'ona. Siku moja nilipomaliza kumrekodia kijana mmoja ubeti wa bahari na mwamba, akanisimamisha kwa mkono wenye tepu ya kupimia.

"Bwana, ukitunga huwa unatazama nje?"

Nikamwambia natazama ndani, moyoni. Akacheka kwanza. Kisha akasema bahari ya hapa hukauka kila siku. Maji yakitoka unaweza kutembea mpaka kule mitumbwi inapolala ubavu, wala hulowi mguu. Akasema hata mimi aliniona juzi nimepita juu ya bahari nikiwa nimevaa viatu.

Niliudhika. Fundi akiambiwa kazi yake ina tobo hufura kwanza, akili humjia baadaye. Nikamweleza kwamba ile ni bahari ya ushairi, si ya kutembelea kwa miguu. Akaniuliza ya ushairi iko wapi ili tuhamie huko, maana inaonekana kuna usalama. Nikarudi kibandani kwangu nikampunja mteja sabuni kwa hasira, nikamwita nikamwongezea.

Lakini nilimpenda. Nimetafuta namna ya kulipamba neno hilo nimeshindwa, nalo halihitaji. Asubuhi nikifungua kibanda nikakuta baraza yake haijafunguliwa, siku ilikuwa mbovu mpaka nisikie ile cherehani. Nikamtuma dada yangu na shemeji kwa baba yake mdogo, aliyekuwa anakaa naye pamoja na shangazi yake. Wazee hawakuwa na tatizo. Yeye ndiye aliyetoa jibu ambalo dada yangu alilileta nyumbani akiwa amelishika kama yai. Alisema maandalizi yaendelee, hana kinyongo na mimi. Ila jibu lake la mwisho atalitoa siku yenyewe, baada ya mlango, kwa kinywa chake.

Hapo pana jambo la dini ambalo lazima nilieleze. Mwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Mjane hanyamazi akaozwa. Ni lazima aseme kwa ulimi wake. Kwa hiyo wakati jamaa wengine wakifika mlangoni mchezo umeshakwisha zamani, mimi nilikuwa nakwenda mahali ambapo mtu angeweza kusema hapana mbele ya majirani, na sahani za pilau zikiwa zimeshapangwa.

Shemeji alisema nisiogope, mtunzi wa milango yote ya Palma atashindwaje mlango wake. Nikakubaliana naye. Sikuandaa kitu.

Siku ilipofika tulikwenda asubuhi, maji yakiwa yametoka, tukakata njia kwa kupita pwani. Nilivaa kanzu aliyoninunulia dada yangu kwa siku hiyo, kofia mpya na viatu vya kung'aa. Nyumba ya baba yake mdogo iko karibu na ufuo, uani kuna mpapai na jiko la mawe, na wanawake walikuwa wanapika huku wakituchungulia kwa moshi machoni. Baba mdogo, mzee mpole aliyewahi kuwa mwashi, alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini kofia ikiwa gotini, akisubiri zamu yake ya kwenda kuuliza. Tukasimama mbele ya mlango wa chumba. Kutoka ndani ikasikika sauti ya shangazi yake, mwanamke mwenye kifua cha kuadhini laiti angeruhusiwa.

"Pronto, haya, bwana harusi. Tunakusikiliza."

Nikakohoa. Nikavuta kanzu. Nikatoa ile sauti yangu ya kazi:

"Bahari haikauki..."

"Hata jua liwakeje!" wakajibu ndani, wote kwa pamoja.

Nikadhani wamenipokea kwa furaha. Nikaendelea, mwamba nao haung'oki. Wakamalizia, hata wimbi lipigeje, safari hii kwa kupiga makofi. Nilipofika kwenye penzi hawakuningoja hata nifungue mdomo. Waliuimba mstari wote, wakaingia kwenye kituo, ule mstari wa mwisho, wakakirudia, mmoja akakitia kigelegele cha kejeli. Kumbe wale wanawake wamekaa nyuma ya milango yote niliyoifungua. Hawa ndio mashangazi wa mji. Ubeti wangu walikuwa nao vichwani kuliko mimi, na walijua hata ni mwaka gani nilianza kutanguliza mwamba.

Shemeji alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wapishi uani nao walishasikia. Nilihisi jasho likishuka ndani ya kanzu ya dada yangu.

Kelele ilipopungua nikasikia sauti ya bibi harusi mwenyewe. Haikuwa ya kucheka wala ya kukasirika.

"Mimi nimeshaambiwa milele mara moja. Aliyeniambia hakunidanganya, alikuwa hajui. Wewe unajua. Umekimbia kama nilivyokimbia mimi. Nitungie kuhusu kitu kinachopita, nisikie unasemaje."

Nikasema haya, hilo tu? Nina akiba nzima ya vitu vinavyopita! Niliona nimeokoka. Nikarudi nyuma hatua, nikafumba macho, nikafungua akiba ya pili na kuchukua cha juu kabisa:

"Asumini la jioni, asubuhi hunyauka..."

Nikaendelea mpaka mwisho, ua likaanguka, nyuki akaondoka, upepo ukalizoa. Ulikuwa ubeti mzuri, sikatai, uliwahi kuwaliza watu wazima kwenye khitma ya imamu mmoja. Na ndani ya chumba kweli mtu akaanza kuvuta kamasi. Kisha wa pili. Mpishi mmoja uani akaweka upawa chini akaanza kumtaja marehemu mama yake.

Shangazi akagonga mlango kwa ndani.

"Wee bwana, umekuja kutuoa au kutuzika?"

Wakacheka tena, wengine wakiwa bado na machozi. Yeye akasubiri wamalize. Akasema ubeti huo angalau una ukweli, lakini umekaa msibani. Yeye msibani amekaa vya kutosha, hataki kuolewa humo. Akasema hana haraka. Wali bado haujakauka.

Nikatoka uani. Shemeji akanifuata akinipa ushauri mwingi, kwamba nitaje macho yake, nitaje mwendo wake, nitaje Peponi. Nikamwomba akae na wapishi. Nikavua viatu vya kung'aa, nikavishika mkononi, nikashuka pwani nikiwa nimekasirika kwelikweli. Nilikuwa namgombeza kichwani: mwanamke gani huyu anataka kitu kinachopita kisichohuzunisha? Ushairi wa vitu vinavyopita ni wa huzuni, ndiyo kazi yake, tangu na tangu. Ukimwondolea huzuni mtunzi wa namna hiyo ni sawa na kumnyima mshonaji sindano. Na ukitaka furaha, lazima useme vinadumu, la sivyo furaha ya nini?

Mbele yangu bahari ilikuwa imekauka, kama alivyosema. Ghuba yote ilikuwa mchanga na matope na vidimbwi, mwani umelala chini kijani, ndege wanatembea mahali ambapo jana jioni pangemzamisha mtu. Wanawake walikuwa mbali wameinama wakiokota kome, na kelele zao zilifika kwangu zikiwa ndogo. Nimeishi hapa maisha yangu karibu yote. Nimeandika neno bahari mara zisizo na idadi. Na nilikuwa nimesimama pale nikiiangalia kama mtu aliyeletwa na eropleni jana.

Nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Chini ya miguu yangu mchanga ulikuwa umejaa vitonge. Kila mtoto wa hapa anavijua. Kaa wadogo sana, wa kutoshea kwenye ukucha, hutoka mashimoni maji yakiondoka, wakala kilichomo mchangani na kuuacha mchanga umefinyangwa vitonge vidogo mviringo, wakivipanga kuzunguka shimo, mistari kwa mistari, mpaka ufuo wote unakuwa kama mkeka uliotariziwa. Mimi nilishavikanyaga maelfu. Nilikuwa nimevikanyaga asubuhi ile ile nikienda kushindwa mlangoni.

Nilikaa kimya, nao wakatoka tena. Kaa mmoja alianzia pale pale kisigino changu kilipokuwa kimeharibu. Alifinya, akaviringisha, akaweka. Akafinya, akaviringisha, akaweka. Jioni maji yatapanda na kufuta ufuo wote, na sikuona dalili yoyote kwamba jambo hilo limemfikia. Wala sikuona dalili kwamba halijamfikia. Alikuwa kazini tu. Nikajikuta natabasamu peke yangu, mwanamume mzima wa kanzu mpya, viatu mkononi, namkodolea macho kaa siku ya harusi yangu.

Sikumwona kaa kama onyo. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yangu siku ile, na bado naiwaza nikisoma tungo za watu. Tumeyatumia maji na maua na mwezi kuogofyana miaka mingi mno, mpaka hatukuona kwamba vitu hivyo vinavyopita vinapita huku vinafanya kazi yake, tena kwa bidii, na vingine kwa furaha kama furaha inajulikana kwa macho. Kufutwa kulikuwepo, sikupingi. Ila kulikuwa na saa nyingi za kufinyanga kabla yake, na saa hizo mimi nilikuwa naziruka ili niwahi kwenye mnyauko.

Nilianza kuhesabu mizani kwa vidole. Nilikosea, nikafuta kichwani, nikaanza tena. Shemeji alikuja kunitazama kutoka ukingoni, akaona namnong'oneza mchanga, akarudi. Baadaye alisema alikwenda kumwambia dada yangu aandae dawa.

Niliporudi pale mlangoni kanzu ilikuwa na tope mpaka magotini. Sikutoa sauti ya kazi. Niliegemea kizingiti nikasema kwa kawaida, kama ninavyoongea nikivuka njia na kopo la mafuta:

Maji yakitoka pwani, kaa nao wafinyanga,
Hawajali asilani, punje kwa punje mchanga,
Maji hurudi jioni, hufuta walichojenga,
Njoo kesho uwaone, utakuta wafinyanga.

Kisha shangazi yake akauliza, akijizuia kucheka, kwa nini mtoto wao mzuri nimemfanya kaa. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, na mimi pia ni kaa, nina hata mwendo wake. Hapo wakacheka wote, na kicheko hicho hakikuwa cha kunizomea. Nikamsikia na yeye. Nikatoa wa pili:

Sikuapii milele, wala bahari kuganda,
Sisemi maji yalale, wala mti kutopinda,
Nitakuja vilevile, na mikono ya kutenda,
Yakifuta tutaketi, wewe nami kufinyanga.

Kigelegele kimoja kikatoka uani, kwa wapishi, kikakatika katikati kwa sababu ndani hakuna aliyekipokea. Wote walikuwa wanamsubiri yeye. Mimi nilikuwa natazama mbao za ule mlango, mahali rangi ilipobanduka, na nakumbuka nilijiambia kwamba nimemaliza, sina tena, akisema hapana nitapita pwani kwenda nyumbani na sitatunga mpaka nife.

Aliposema, sauti yake ilikuwa imesogea. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango kabisa, na hakuwa anaongea na ukumbi.

"Nimekusikia. Vitonge hufutwa, vikafinyangwa vingine. Lakini siku maji yakimchukua kaa mwenyewe?"

Shemeji akanishika mkono. Nadhani alitaka kunitia nguvu. Nilitafuta. Mtu aliyezoea vina vyake huja navyo hata asivyoviita, na vilikuja, beti nzima zilikuja zikajipanga mbele yangu zikiwa na mizani kamili: kuhusu subira, kuhusu kukutana tena, kuhusu nyota. Zilikuwa nzuri. Nilimfikiria amekaa hemani anangoja mtu asiyefika. Nikaziacha zipite.

"Sijui," nikasema.

Ukumbi haukupenda. Jamaa zangu wakaguna, na mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa tumekwisha. Shangazi akaanza kueleza kwamba sijui si ubeti, haijawahi kutokea mtu akajibu mlango kwa neno moja, na kwamba niongeze walau mstari.

"Amejibu, shangazi," yeye akasema.

Nikasikia komeo likivutwa. Mlango haukufunguka wote, ulifunguka upana wa kiganja, na kwenye upana huo niliona vidole vyake vyenye hina vikiwa vimeshika ubao. Hakuniangalia. Alimwangalia yule mzee kwenye mkeka, aliyekuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Baba mdogo," akamwita, "njoo uniulize."